Kombe la Sufuria la Bertrams

Nyie mliokulia mtaa wa Bertrams enzi zetu, nisaidieni kushuhudia, maana watoto wetu hawaamini kwamba nyuma ya yale magorofa paliwahi kuwa na mashindano ya tenisi. Tena tenisi ya nyasi, si mchezo! Jumapili wachuuzi na mafundi cherehani waliacha shughuli zao kuja kututazama sisi vidudu tukirushiana mipira iliyokwisha manyoya.

Mwanzilishi alikuwa Mzee Nestori, Mrundi aliyekuwa akikata nyasi kwenye klabu moja ya matajiri. Mipira na raketi zilizotupwa kule alituletea sisi, na nyuzi zilizokatika tuliziunga kwa kamba za viatu. Wavu wetu ulikuwa pazia kuukuu. Mistari tuliichora kwa unga wa mahindi, na njiwa waliudonoa mechi ikiendelea, basi ukibisha kwamba mpira ulikuwa ndani, ushahidi umeshaliwa. Mshindi alipewa sufuria mpya, ambayo akina mama waliitamani kuliko sisi wachezaji.

Mwamuzi alikuwa huyo huyo Mzee Nestori. Ilimuudhi kwamba sisi tuliozaliwa huku ugenini tukisemeshwa Kiswahili tunajibu Kiingereza, hivyo akaapa kuwa kiwanjani kwake ni Kiswahili tu. Kila neno alilolisikia klabuni alilitafsiri. Sasa kwenye tenisi, asiye na pointi hata moja husemwa ana "lavu". Mzee akatafsiri bila kupepesa macho: mapenzi. Tukazoea, wala hatukucheka.

Nikafika fainali nikiwa na miaka kumi na miwili, na sikutaka kitu kingine duniani ila kuicheza ile mechi mpaka mwisho. Mpinzani wangu alikuwa Bahati, mtoto wa fundi cherehani wa Kikongo, aliyeanza kuota kisharubu. Mama yangu, Mtanga wa ushungi na msimamo, alikuwa akiuza vitambaa siku zote saba na hakujua tenisi ni mnyama gani. Baba alikuwa ametutoroka, yuko Durban na mwingine, na jina lake halikutajwa nyumbani. Jumapili ile mama akawahi kurudi. Alipokata kona na mzigo wake kichwani, akasikia sauti ya mzee mzima ikitangaza:

"Bahati thelathini, Zuhura mapenzi!"

Mzigo ukatua chini puu. "Wee Zuhura! Mapenzi na nani?"

Nikashikwa sikio mbele ya Bertrams nzima. Bahati akajificha nyuma ya pazia. Nilijua fainali yangu imekwisha, nikalia kwa sauti. Mzee Nestori akaja mbio, kofia mkononi.

"Eish, mama, usikasirike! Mapenzi ni sufuri. Maana yake mtoto hana kitu."

"Mapenzi ni sufuri?"

"Ndiyo, mama. Ni sheria ya mchezo."

Mama akafikiri kidogo. "Basi aliyetunga mchezo huu anamjua mume wangu."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, naye mama akacheka kuliko wote. Akaliachia sikio langu, akakalia mzigo wake, akaanza kumzomea Bahati kila alipoinua raketi. Nilifungwa vibaya, tena kwa furaha.

Leo pale ni maegesho ya magari. Mzee Nestori alirudi Burundi, na mashindano yakafa alipoondoka. Binti yangu anacheza tenisi huko Randburg, ana kocha, raketi yake ina mfuko wake, na akichubuka goti kidogo anataka eksirei. Vijana wa leo! Mimi humsubiri garini nikijibu ujumbe kwenye simu. Juzi alikuja anahema, akaniuliza, "Mama, umeniona?" Nikasema nimekuona, mwanangu, safi sana. Akaniuliza, "Haya, nilishinda au nilishindwa?"

Sikujua. Mama yangu yuko Tanga sasa, kazeeka, na kila nikimpigia simu hunisimulia pointi nilizopoteza, moja baada ya nyingine.