Tambi za Limau kwenye Jiko la Mkaa

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo hucheka peke yangu, halafu macho yanalowa. Nilikuwa nimechuchumaa uani, kule Igogo, Mwanza, mbele ya jiko la mkaa, jasho linanitiririka, wanawake wa nyumba nzima wananitazama, na mama mkwe wangu amekaa kwenye kigoda hatua tatu kutoka nilipo. Lakini ngoja nianzie nyuma kidogo, maana ukiisikia siku hiyo peke yake hutaelewa nilifikaje pale.

Mimi ni mtu wa Majita, ziwani kule Mara. Nilikuja Mwanza nikiwa kijana, miaka ile ya tisini, viwanda vya minofu ya sangara vilipokuwa vikifunguliwa kimoja baada ya kingine, na maduka ya mjini yakaanza kujaa vitu ambavyo sisi tuliokua tukipanga foleni ya sabuni hatukuwahi kuviona. Nilitaka kazi kiwandani. Nikaipata kwa mtu wa kiwandani: Mwitaliano mmoja mtu mzima, fundi wa mashine za kugandishia samaki, jina lake Sandro. Aliishi peke yake kwenye nyumba iliyojengwa juu ya mawe, upande wa ziwa, na alikuwa anatafuta mpishi. Mimi nilijua kuchemsha chai na kukaanga samaki, basi. Yaliyobaki alinifundisha mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha maneno machache na mikono yake miwili.

Nikawa mpishi, tena hodari, sioni haya kusema leo. Wakati ule niliona haya. Mtaani niliwaambia watu niko kiwandani. Hata nilipokwenda Magu kumposa Kabula, mshenga wangu alisema, "Kijana wetu ni mtu wa kiwandani," nami nikainamisha kichwa kama mtu mwenye adabu, kumbe nameza uongo. Kabula nilimweleza ukweli baada ya ndoa. Hakukasirika. Alicheka akasema, "Afadhali. Siku nikiumwa sitalala njaa."

Mwanangu, siku hiyo ilifika, na alilala njaa.

Mimba ya kwanza iliharibika mapema. Tulilia, tukanyamaza, hatukulizungumza tena. Ya pili ilipoingia, Kabula alianza kutapika. Si kule kutapika kwa asubuhi ambako wanawake wanakuzoea. Huyu alitapika uji, akatapika ugali kabla hajaumeza, akatapika maji. Harufu ya samaki ikivuma tu kutoka jirani, anakimbilia nje. Alikonda mpaka pete ikawa inamvuka kidoleni, akaifunga kwa uzi. Tulipokwenda kliniki nesi alimtazama, akanitazama mimi, akasema, "Huyu lazima ale. Chochote atakachokipenda, mpe. La sivyo tutamlaza, na mtoto sijui."

Kabula akamwandikia mama yake barua, na baada ya siku chache mama akashuka stendi kutoka Magu na kikapu na kibuyu cha maziwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, aliyezeeka akikamua ng'ombe. Kwa desturi za kwao mama mkwe hamsemeshi mkwe wake hovyo. Nikimwamkia, "Shikamoo mama," anaitikia, "Marahaba, baba," huku anatazama pembeni, na hapo mazungumzo yanaishia.

Sasa sikiliza kosa langu. Jioni moja nilirudi kutoka kazini nikakaa kitandani karibu na Kabula. Alikuwa amelala amegeukia ukuta. Akageuka, akaushika mkono wangu, akaunusa.

"Unanukia limau," akasema. "Na kitu kingine. Ulipika nini leo?"

"Tambi. Zile ndefu za yule mzee. Zina jibini na pilipili manga, na ganda la limau."

Akanusa tena, akafumba macho. "Hiki naweza kukila," akasema. "Magesa, nipikie hiki."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Hicho ni chakula cha Wazungu. Kinataka jiko la gesi. Hapa hakipikiki."

Ulikuwa uongo nusu. Gesi haikuwa sababu. Sababu ilikuwa ule ua. Nyumba yetu ilikuwa ya kupanga, vyumba sita, na wote tulipikia uani, jiko kwa jiko. Kulikuwa na wanaume wenzangu watatu mle, wa kiwandani kweli, wanaume wa kubeba makreti ya samaki. Nilijiona nimechuchumaa mbele yao nakoroga sufuria, nikaona bora mke wangu avumilie. Ndiyo, mwanangu. Nililiwaza hilo kwa akili zangu timamu. Kabula hakubishana. Aliuachia mkono wangu, akageukia ukuta.

Asubuhi yake nilipokuwa natoka, mama mkwe alinisubiri mlangoni. Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni. Kiswahili hakikuwa lugha yake, alikiongea neno moja moja.

"Baba, kazi yako ni kupika?"

Nikajua Kabula amemwambia, au kuta zile nyembamba zimemwambia. Nikasema, "Ndiyo, mama. Nisamehe, mama."

"Kupika si dhambi, unaomba msamaha wa nini?" Akaendelea, "Yule mzee wa kizungu, anaumwa?"

"Hapana, mama. Mzima."

"Ana mimba?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Huyo mzima unampikia kila siku," akasema. "Wangu anakufa njaa humo ndani, na mpishi analala naye kitanda kimoja." Kisha akainamisha macho kama kawaida yake, akanipisha nipite. Hakupandisha sauti hata kidogo. Laiti angenitukana.

Nilitembea mpaka kazini bila kuona njia. Mzee Sandro alinikuta nimesimama jikoni na kisu mkononi, sijakata kitu. Akauliza, "Magesa, shida?" Nikamweleza yote: mke, mimba, ile ya kwanza, nesi alivyosema. Kisha nikamwomba kipande cha jibini lake, lile gumu la chumvi alilokuwa akiletewa kutoka kwao na kulila kwa kujipimia. Alikunja uso, nikadhani atakataa. Kumbe alikuwa amekasirika kwa lingine.

"Mama ya mtoto hapana kula, na wewe napika mimi samaki? Kwa nini hapana sema?"

Akakata lile jibini katikati, nusu nzima, akalifunga kwenye gazeti. Akaongeza pakiti mbili za tambi. Halafu akaniinulia kidole. "Magesa. Jibini na moto, adui. Kumbuka!"

Ndiyo ikafika ile Jumapili. Tulitoka kanisani, nikavua shati jeupe, nikabaki na singlendi, nikabeba jiko langu mpaka katikati ya ua. Mama Joni, jirani wa chumba cha mwisho, alikuwa anachambua dagaa. Akaacha. Mumewe alikuwa anasikiliza redio kizingitini, akapunguza sauti.

"Magesa! Leo umekuwa mama ntilie?"

Watu wakacheka. Masikio yangu yakawaka moto. Mama mkwe akatoka chumbani na kigoda chake, akakiweka hatua tatu kutoka kwangu, akakaa. Alikaa akiwa amewageukia wale waliokuwa wanacheka, na kicheko kikapungua.

Nilitwanga pilipili manga kwenye kinu, si unga, vipande vipande tu, nikazikaanga kavu mpaka zikaanza kunukia. Jibini nililikwaruza kwa bati nililolitoboa matundu kwa msumari, maana kifaa cha mzee sikuwa nacho. Nikachemsha tambi kwenye maji kidogo, ili yale maji yawe mazito kama uji mwepesi. Yote nilifanya sawasawa. Halafu nikamwaga tambi kwenye zile pilipili, nikatia jibini na kikombe cha maji yale, sufuria ikiwa juu ya jiko. Mkaa, mwanangu, hauna swichi ya kupunguzia. Kufumba na kufumbua jibini lote likajikusanya, likawa donge linalovutika kama bigijii, na maji yakabaki peke yake.

Mume wa Mama Joni alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilibaki nimeshika mwiko. Nilikuwa nimebakiwa na kipande kidogo cha jibini, na pakiti moja.

"Hicho ni nini?" mama mkwe akauliza.

"Jibini, mama."

"Linatoka wapi?"

"Ni maziwa, mama. Ya kondoo. Yamegandishwa, yakakauka."

"Kumbe ni maziwa." Akasogeza kigoda karibu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Basi unayaua. Maziwa hayataki moto wa namna hiyo. Toa chungu chini. Weka kwenye udongo, kipoe mpaka uweze kukishika. Maziwa yako uyakoroge pembeni na maji ya vuguvugu, yalainike kwanza. Ndipo uyaunganishe. Na usiache kukoroga."

Hakuwa ameliona jibini lile maishani mwake. Lakini yale ndiyo aliyokuwa akinifundisha mzee wa kizungu mwaka mzima kwa mikono na kidole, nami nikiyafanya kwa kukariri tu, kwa sababu gesi ilikuwa inanisaidia.

Nikaanza upya. Safari hii sufuria niliitoa motoni kabisa, nikaiweka chini. Jibini nililikoroga kwenye bakuli na maji yaliyopoa kiasi mpaka likawa laini kama mtindi. Nikalimimina juu ya tambi, nikageuza, nikageuza, mama mkwe ananiongezea maji tone kwa tone kwa kata. Mchuzi ukakubali. Ukawa mweupe, unang'aa, umezishika tambi kila mahali. Mwisho nikakwaruza ganda la limau juu yake, lile la njano tu, nikakamua matone machache. Harufu ikapanda uani, na hapo hakuna aliyecheka tena.

Kabula alikuwa amejitokeza mlangoni, amejishikilia kwenye fremu. Nilimpelekea sahani. Alikula uma mmoja, akatulia. Sote tulingoja. Hata redio ilikuwa imezimwa. Akala wa pili. Akala wa tatu, akakaa chini pale pale kizingitini, akaiweka sahani mapajani, akala huku machozi yanamshuka, wala hakutapika. Alipomaliza alipitisha kidole kwenye sahani, akasema, "Zimebaki?"

Mama mkwe akanyanyuka, akaingia ndani haraka. Nilimsikia analia huko ndani.

Lile jibini lilikwisha kesho yake. Mzee Sandro alinipa tena kidogo, nalo likaisha, nikaendelea na limau, pilipili manga na samli ya Magu, na Kabula akaendelea kula. Kila jioni nilipika pale uani. Wiki ya pili mume wa Mama Joni alikuja pembeni yangu akajifanya anawasha sigara kwenye mkaa wangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini yale maganda ya limau nayakwaruzaje, kwa sababu mke wake naye alikuwa hajisikii vizuri.

Mtoto alizaliwa wa kike, mwenye afya. Tulimpa jina la bibi yake. Na yule bibi, siku anaondoka kurudi Magu, aliniambia pale stendi neno moja tu, "Asante, mpishi," akapanda basi. Nimeitwa majina mengi tangu siku hiyo. Hilo ndilo nililolipenda.

Sasa wewe unaanza nyumba yako, mwanangu, ndiyo maana nimekukalisha. Jambo langu ni hili. Kile unachokijua vizuri kuliko vyote, kile ambacho watu wa nje wanakusifia, usikimalize huko ukarudi nyumbani na uchovu peke yake. Mke wako asiwe mtu wa mwisho kuonja kazi ya mikono yako. Na akikuomba kitu akiwa mnyonge, usimjibu kwa kuwafikiria majirani. Watakucheka kwa mchana mmoja. Lakini mtu aliyegeukia ukuta ukamwacha hivyo, huyo utamwona kila ukifumba macho. Mimi niliponea chupuchupu. Usijaribu bahati hiyo.

Ukikosea mara ya kwanza, ondoa sufuria motoni, kaa chini, msikilize aliye karibu nawe, hata kama hujazoea kumsikiliza.

Nenda sasa, wanakungoja. Mungu aibariki mikono yako na meza yako. Awape afya, awape watoto wakitaka, na siku yule unayempenda atakaposhindwa kula, akupe moyo wa kuchuchumaa jikoni mbele ya dunia nzima mpaka aombe nyongeza.