Kiangazi Alichokula Somoe

Mwanaamina binti Bwanaheri wa Mahurunga hakuwa mtu wa kueleza jambo mara mbili, na ukimsikiliza vizuri, hata mara moja haelezi. Anaamuru. Mume wa kwanza alikimbilia Mikindani kwa ajili ya mdomo ule, na wa pili alikufa akiwa bado anatafuta jibu. Mwanawe wa pekee, Chande, alijifunza mapema kwamba mama akisema "toka hapo", unatoka kwanza. Sababu utaiona mwenyewe, ama nyoka, ama chungu cha moto, ama hakuna kitu kabisa. Lakini ugomvi wa mpaka wa shamba ukizuka, ni huyo huyo watu waliyemwendea, maana hakumwogopa mtu na hakuchukua upande.

Mwaka wa sabini na moja, korosho zikiwa zimeanza kuanguka, alifika kijana mmoja wa Masasi aitwaye Elia, mwalimu wa chuo kikuu kule Dar es Salaam, akiwa na Landrova na bomba refu la chuma. Kazi yake ilikuwa kuchimba tope chini ya ziwa Nang'oma. Alifunga mitumbwi miwili pamoja, akatandika mbao juu, akalisukuma bomba mpaka chini na kulivuta limejaa tope, refu kama mkono wa mtu. Nusu ya kijiji iliamini anatafuta rupia za Wajerumani. Nusu ya pili ilisema hapana, mtu mwenye akili ya kutafuta rupia hawezi kuonekana amechoka vile.

Elia alihitaji chumba chenye ubaridi na kufuli cha kuwekea vipande vyake vya tope. Wakampeleka kwa Mwanaamina, mwenye chumba cha uani chenye kuta nene, na ambaye hakuna mwizi aliyetaka kuanza naye. Alikubali kwa sharti moja, kwamba aambiwe ni nini kinachowekwa nyumbani kwake. Kueleza hakupendi, lakini kuelezwa anataka.

Basi Elia akafungua karatasi ya nailoni, akampitisha kwenye tope kama mtu anavyompitisha mgeni shambani. Akamwambia kila mwaka maua yanamwaga vumbi, lile la njano analoliona kwenye mashuke ya mahindi, na upepo unalipeleka ziwani, linazama, na tope la mwaka unaofuata linalifunika. Chembe ya mti haifanani na chembe ya nyasi. Kwa darubini unazijua moja moja. Chini kabisa, alitarajia, zingejaa za miti ya msituni. Juu, nyasi na masizi ya moto wa mashamba. Na katikati, akaweka kidole penye utepe mweupe mkavu, laini kama unga.

"Hapa, mama, nadhani ziwa lilikauka. Mvua ilikatika, si mwaka mmoja wala miwili. Hapa ndipo nilipopafuata mimi."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo sijui kama msitu ulirudi. Vumbi litasema."

Mwanaamina aliutazama ule weupe kwa muda. Aliwaza watu waliosimama ukingoni wakati ule, kama walikuwapo, wakitazama maji yanavyorudi nyuma, na kila mmoja akimlaumu jirani yake. Kisha akasema, "Kumbe nyasi zina kumbukumbu kuliko waume zangu wote wawili."

Elia alicheka, halafu akaacha kucheka. Alimwonyesha chupa ya dawa ya kuzuia ukungu, aliyokuwa akiipaka kwa brashi kwenye ncha za kila kipande. Akasema ni sumu, awaambie watu wote wa nyumbani, asimwache hata mmoja.

Watu wa nyumbani walikuwa mmoja. Chande alikuwa Nanyamba kwenye mikorosho, na mkewe, Somoe, alibaki na mama mkwe wake akiwa na mimba ya miezi sita. Mimba mbili za mwanzo zilitoka. Hii ya tatu Mwanaamina aliilinda kama mtu anavyolinda moto wakati wa upepo: Somoe asiinue ndoo, asikae mlangoni, asile udongo. Hilo la udongo nesi wa kliniki ndiye aliyelisema, na Mwanaamina alirudi akapekua jikoni, akatupa kila bonge la udongo wa kula alilolikuta. Kwa nini, hakusema. Na juu ya chumba cha uani alisema hivi tu:

"Kule usitie mguu."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu nimesema."

Sasa, mwanamke mwenye mimba anayetamani udongo, usimzuie kwa amri peke yake. Siku moja Somoe aliwapelekea wachimbaji ugali ziwani. Akamwona Elia anamega chembe ya tope jeupe, anaitafuna kwa meno ya mbele, anatafakari, anatema. Kumbe ndivyo wanavyojua kama lina mchanga. Somoe hakuona kutema. Aliona mtu wa chuo kikuu anakula. Na alipopita nyuma ya chumba cha uani asubuhi, harufu ile ya ardhi iliyoguswa na mvua ya kwanza ilimjia mpaka mate yakamjaa mdomoni. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari kando ya mlango.

Alinaswa wakati wa kutwanga makopa ya muhogo. Alipoinua mchi, fundo la kanga yake likalegea, kikaanguka karibu na kinu kipande cheupe kama kidole gumba, kimekaushwa mekoni. Mwanaamina alikiokota. Aliijua ile mistari myembamba.

Safari hii hakugomba.

"Somoe. Mwanangu. Umekula kiasi gani?"

Neno "mwanangu" lilimtisha Somoe kuliko matusi. Akasema yote: ni wiki sasa, kidogo kidogo, penye weupe, mpaka weupe umekwisha. Pale nchani palinuka kama hospitali, akapakwangua kwanza, kisha akala.

Mwanaamina alimlaza, akamwita jirani amkalie, akaenda ziwani kwa miguu yake, jua la saa saba. Elia alikuwa juu ya mbao zake. Alimwambia kutoka ukingoni, wapiga makasia wakisikia, bila kupunguza neno.

"Kile cheupe?" Elia aliuliza.

"Cheupe. Chote. Na dawa yako juu yake."

Akaketi pale pale alipokuwa. Ng'ambo ya Ruvuma wingu lilikuwa limesimama, jeusi. Kila mtu pale alijua hesabu yake: akilirudisha bomba karibu na shimo lile lile leo na kesho, atapata weupe mwingine, lakini mvua ikitangulia, ziwa linafurika na kazi ni mwakani, kama chuo kitampa mwakani. Alilitazama wingu, akawaambia wapiga makasia wafungue kamba za mitumbwi. Kisha akaenda kuiwasha Landrova.

Njiani kwenda Mtwara Somoe alilala nyuma juu ya magunia. Mwanaamina alikaa mbele, akampa Elia maneno yake.

"Mtu mzima unatafuna tope mbele ya wanawake wenye mimba."

"Ni kweli, mama. Nilimwona anatazama. Nilipaswa kumwambia."

Alingoja Elia abishe, ili amjibu. Hakubisha. Mwanaamina alinyamaza mpaka Naliendele, na kwake yeye hiyo ni safari ndefu.

Hospitali walimpokea Somoe. Elia alimtajia daktari jina la dawa na kiasi alichopaka. Daktari alisema hawezi kuahidi kitu. Atakaa wodini wamwangalie. Usiku ule mvua ilianza. Haikuwa ya manyunyu, ilikuwa ile inayopiga bati mpaka watu wanaongea kwa mikono. Asubuhi Elia alikuwa kwenye benchi la nje, suruali imelowa magotini, anatazama maji yanavyokimbia mtaroni. Mwanaamina alikaa kando yake.

"Uliniambia niwaambie watu wa nyumbani," alisema. "Sikumwambia. Nilimkataza tu."

Elia akauliza, "Amelalaje?"

"Amelala. Wewe kazi yako imekwenda na maji."

"Imekwenda. Sehemu ile nitaandika kwamba imeliwa." Alitabasamu kidogo, bila furaha. "Wataniuliza na nani. Panya, watafikiri."

"Usimsingizie panya. Andika mtu."

Nesi mkunga, mwanamke mnene aitwaye Elizabeti, alitoka akamwita mama mkwe. Somoe alikuwa ameketi kitandani, macho yamevimba. Tangu jana, alisema, mtoto hajacheza. Hakumtazama Mwanaamina, alikuwa akilitazama shuka, kama anayengoja kupigwa.

Mwanaamina alivuta stuli. Kwa mara ya kwanza tangu binti yule aletwe nyumbani kwake, alimweleza. Alimweleza nesi wa kliniki alisema nini, jinsi udongo unavyopunguza damu ya mwenye mimba. Alimweleza chupa ile. Akamweleza vumbi la maua, na ziwa lililokauka, na msitu ambao haijulikani kama ulirudi. Somoe alisikiliza mdomo wazi.

"Kwa hiyo mimi nimekula kiangazi?"

"Kizima. Hukukibakiza."

Elizabeti alikuwa ameinama, kaweka juu ya tumbo kile kifaa chao cha mti, mfano wa faneli, na sikio lake juu yake. Alikaa vile muda mrefu. Akakihamisha upande, akakaa tena. Mwishowe akainuka, akamwashiria Mwanaamina aje asikilize mwenyewe.

Aliinama. Mwanzo alisikia damu yake tu masikioni, na mvua. Kisha, mbali, chini kabisa, kitu kikawa kinakimbia, chepesi, cha haraka, bila kupumzika.

"Mama," Somoe alinong'ona. "Kunasemaje?"

Mwanaamina aliinua mkono anyamaze kwanza, sikio lake likiwa pale pale. Halafu, bila kuondoa sikio, akaanza kumweleza.