Mshumaa wa Kuchujia Maji

Baba yangu alikuwa mpishi wa misheni. Padri mmoja aliporudi kwao alimwachia birika dogo linalopandisha kahawa kwa mvuke, kahawa nyeusi, nzito, chungu kama dawa. Birika lile lilikuwa la Baba peke yake, na ole wake aliyeligusa.

Wakimbizi walipokuja, vilima vya kuelekea kambi ya Benaco vilijaa mahema. Siwalaumu, anayekimbia kifo hachagui pa kuchota maji. Lakini kijito chetu kiligeuka tope, na kuni tulizokuwa tukiokota nyuma ya migomba zikawa za kufuatwa mbali. Zilizopatikana hazikutosha maharage na maji ya kunywa. Mama aliamua kumchemshia maji Bibi, mama yake Baba, ambaye tumbo lilikuwa likimsumbua tangu masika. Maharage tuliyala magumu.

Tope likaziba vitundu vya birika. Hilo ndilo lililomtoa Baba nyumbani, si tumbo la mama yake. Nasema hivyo kwa hasira, na sifuti.

Alirudi kutoka soko la wakimbizi na ndoo mbili za kuwekwa moja juu ya nyingine, ya juu ina mshumaa mweupe wa udongo wa kuchujia. Alituambia muuzaji alikuwa na vitambaa vizito pia, vya kufunga mdomoni mwa ndoo, lakini vile huzuia takataka tu.

"Huu unazuia na ugonjwa," alisema. "Kinga ni bora kuliko tiba."

Maji yalidondoka maangavu. Kahawa ikapanda bila kukwama. Mama alifurahi kuliko wote, maana maji ya Bibi hayakuhitaji kuni tena. Bibi aliyanywa ya baridi, akasema yamemkumbusha kijito cha zamani.

Baada ya muda mshumaa uligeuka rangi ya udongo, maji yakawa yanatoka kwa shida. Kwetu mwanamke hupimwa kwa sufuria zake. Mgeni akiona masizi, habari hufika kanisani kabla yako. Mama aliufungua mshumaa, akausugua kwa mchanga na majivu mpaka ukawa mweupe pe. Maji yakashuka kwa kasi. Tulimsifu.

Wiki ile tuliharisha nyumba nzima. Sisi tulipona. Bibi alikauka mbele ya macho yetu, Mama akimfuta na kumnywesha maji yale yale, kikombe baada ya kikombe, kwa sababu yalikuwa safi. Tulimzika kando ya migomba.

Waombolezaji walipoondoka, Mama alikaa uani kuosha vyombo. Alichukua mshumaa na kiganja cha majivu. Baba alikuwa mlangoni.

"Usiusugue," alisema. "Yule muuzaji alikataza. Alisema upanguswe tu kwa kitambaa laini, la sivyo unapasuka na kupitisha ugonjwa."

Mama aliuinua kwenye mwanga. Ufa mwembamba kama unywele ulishuka kutoka juu mpaka chini.

"Alimwambia nani?"

"Mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Vyombo ni kazi yako," Baba alisema, kwa sauti ndogo.

Asubuhi iliyofuata Mama alimpikia kahawa kwa maji ya kijitoni, na tope lake, na hivyo hivyo kila asubuhi. Vitundu vilipoziba, Baba alivizibua mwenyewe kwa sindano, akanywa.