Kongamano Lisilo na Mwanafunzi

Shangazi yangu mdogo, ambaye mtaa mzima unamwita Sindano, aliandaa kongamano la kazi za mikono kwa sababu moja tu: alitaka dada yake aongee naye. Mtu mwingine angebisha hodi akaomba radhi, yakaisha. Yeye aliona ni rahisi zaidi kuazima ukumbi wa shule na kukusanya mafundi wa mji mzima.

Ugomvi wenyewe naona haya hata kuusimulia. Sindano na Shangazi Mkubwa, dada wawili wa baba yangu, ni mabingwa wa kufuma vitambaa vya makochi, na walinuniana kwa kubishania nani alimfundisha mwenzake. Kila mmoja anadai mwalimu ni yeye. Sokoni walipishana kama hawajuani. Baba alijaribu kuwapatanisha, akaambulia kuitwa kigeugeu na wote wawili.

"Nikimwalika kama mwalimu, nimekubali kushindwa," Sindano aliniambia, amekaa kitandani katikati ya mabonge ya uzi. "Nikimwalika kama mwanafunzi, hata kunizika hatakuja."

"Sasa unamwalika kama nani?"

"Mwambie aje tu."

Nikaenda, mtu mzima na kazi zangu, kupeleka ujumbe wa namna hiyo. Shangazi Mkubwa alinisikiliza bila kuinua macho kwenye kitambaa chake.

"Nije kama nani?"

"Amesema uje tu, shangazi."

"Mtu haji tu. Kuku ndiye anayekuja tu."

Nilimfikishia Sindano jibu hilo kama lilivyo. Akajitanda khanga yake, akatoka kwenda kutafuta walimu.

Hapo ndipo alipoharibu. Kumwomba fundi aje kufundisha si kazi. Anakubali hata hujamaliza kusema. Shida ilikuwa kupata wanafunzi. Sindano ana heshima hadi inakera, hawezi kumtazama mtu mzima usoni akamwambia kuna kitu hakijui. Kila alipokwenda kutafuta mwanafunzi alianza vizuri, akababaika, akaishia kusema, "Basi na wewe njoo utufundishe chochote." Mfinyanzi alikubali. Fundi viatu alikubali. Kinyozi alikubali, akauliza kama aje na kichwa cha kunyoa au kitapatikana huko huko. Jirani yetu mstaafu, ambaye sijawahi kumwona ameshika hata nyundo, alikubali kufundisha kufunga mizigo kwa kamba. Wote hao Sindano akawashonea tepe nyekundu za mwalimu.

"Shangazi, na wanafunzi?"

"Watatokea. Wewe umeshawahi kuona darasa lisilo na mwanafunzi?"

Sasa nimeliona. Siku ilipofika, ukumbi ulijaa walimu watupu, kila mmoja nyuma ya meza yake, utepe kifuani, wakiyakodolea macho mabenchi matupu katikati. Fundi viatu akamwomba kinyozi akakae pale awe mwanafunzi kidogo tu. Kinyozi akamjibu aanze yeye, maana nywele zake zinajieleza. Mstaafu alikosa wa kumfundisha, akajifunga miguu mwenyewe kwa kuonyesha mfano, kisha akashindwa kujifungua. Nilicheka hadi nikatoka nje. Niliporudi nikamwona Sindano amekaza macho mlangoni, kicheko kikaniisha. Hakuwa akingoja wanafunzi.

Mara akaingia Shangazi Mkubwa, mkoba kwapani.

"Nilikuwa napita," akatangaza, na pale hakuna njia ya kupita kwenda popote.

Magoti yanamsumbua siku nyingi. Akaangaza pa kukaa. Viti vyote nyuma ya meza vilikuwa na wenyewe. Akakaa kwenye benchi.

Jamani! Ukumbi mzima ulimvamia. Mfinyanzi akamshika mkono wa kulia kwa mikono iliyojaa udongo, fundi viatu akamvua kiatu, kinyozi akamfunga kitambaa cheupe shingoni. Mstaafu naye akaja akirukaruka, bado kajifunga.

"Mwacheni!" Sindano alipiga kelele, akapenya katikati yao. "Huyu mwanafunzi ni wangu!"

Neno lilikuwa limeshatoka. Mimi niliangalia chini, maana nilijua kongamano limeishia hapo na udugu umeishia hapo.

Shangazi Mkubwa alimtazama mdogo wake, mguu mmoja peku, kitambaa cha kinyozi shingoni. Kisha akafungua mkoba, akatoa uzi na sindano ya kufumia.

"Haya," akasema. "Nifundishe."

Sindano akakaa kando yake, akaanza kumwonyesha. Machozi yalimjaa hata uzi hauoni. Kitanzi kikamponyoka, akakirudia, kikamponyoka tena. Shangazi Mkubwa alivumilia alivyoweza. Mwishowe uvumilivu ukamwisha, akamshika mdogo wake vidole.

"Siyo hivyo. Uzi unauzungushia kidole hiki. Nilikwambia tangu ukiwa mtoto."

Walimu wote wakasogea nyuma hatua moja, kila mtu akisubiri moto uwake.

"Uliniambia, dada," Sindano akasema.

Shangazi Mkubwa akakohoa, akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha kinyozi. Halafu akamrudishia Sindano uzi.

"Endelea basi, mwalimu. Mimi sijaelewa bado."