Mwaka wa Mnara na Uso wa Mama Mkwe

Karakanani kwetu Kahama, umeme ukikatika mashine zinanyamaza na midomo inaanza. Wiki iliyopita mada ilikuwa ni mwaka gani hasa sisi watu wa huku tuliingia dunia mpya. Mmoja akasema ni mwaka lami ilipofika kwao. Mwingine akasema wee, lami kitu gani, ni mwaka alipoacha kuficha hela kwenye soksi akienda mnadani kununua ng'ombe. Wakabishana weee, kisha wakanigeukia mimi. Nikawaambia waniache, nina geti la mtu la kumaliza. Wakacheka: umeme hakuna, geti utalichomelea kwa meno? Nikakasirika kweli kweli, nikatoka kwenda kununua maji ambayo hata sikuwa na kiu nayo.

Mwaka ninaujua. Ni elfu mbili na kumi na nane, mwaka mnara wa simu ulipowashwa kijijini kwa wakwe zangu, huko Ushetu. Siutaji mbele za watu kwa sababu nikiutaja tu masikio yananiwaka moto.

Kwa asiye wa huku, nieleze kidogo. Wakwe zangu ni Wasukuma wa kizamani, pamoja na rozari zao zote. Kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani. Nikimwona kwa mbali anakuja njiani, napinda naingia shambani kwa mtu, hata kama shamba lina matope. Yeye akinisikia nakohoa uani, anazunguka nyuma ya nyumba. Salamu zetu zinapita ukutani, mimi barazani, yeye jikoni. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, za huko mnakoishi?" Basi. Hata siku ya ndoa alikaa benchi la mwisho kanisani, kajifunika mtandio mpaka kidevuni. Nilikuwa nimeshakula ugali wake sijui mara ngapi, na sura yake siijui. Nilijua sauti. Nilijua visigino, maana ukiinamisha macho visigino ndivyo vinavyobaki.

Kuna rafiki zangu wa mikoa mingine huwa wanacheka nikiwasimulia. Wacheke tu. Mimi nilikuwa napenda. Kujua kwamba kuna mtu mzima anayekatisha kazi zake na kuzunguka nyumba nzima kwa ajili ya heshima yako, si jambo dogo. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ananiheshimu kiasi kile, na wateja wangu wanaweza kuthibitisha.

Sasa, mke wangu mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Ya tatu iliposhika, mama yake akatuma neno kwamba safari hii binti aende akatunzwe kwao mpaka ajifungue. Akaenda. Nikabaki Kahama na mashine zangu, roho juu. Kijijini mtandao ulikuwa unapatikana sehemu moja tu, juu ya kichuguu kilicho karibu na bani la kukaushia tumbaku, na mwenye mimba huwezi kumwambia apande kichuguu kila jioni. Habari nilikuwa nazipata kwa makondakta wa mabasi. Kwamba mtoto kazaliwa, ni wa kike, mzima, niliambiwa dirishani na mtu aliyekuwa anagawa chenji.

Nilitaka kumwona mwanangu. Kazi zilikuwa zimenibana, halafu kwa desturi ya wakwe nilitakiwa kwenda arubaini ikishapita, nikawachukue wote wawili. Nikawa nahesabu kama mfungwa. Ndipo mnara ukawashwa.

Ilikuwa mchana. Nilikuwa namalizia karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, ya mzee mmoja aliyetoka Runzewe. Mwenyewe kasimama pembeni na kofia yake ya pama, ananisimamia kazi asije akaibiwa vyuma. Simu ikalia mlio nisioujua. Nikaibonyeza na glavu, haikukubali, nikavua glavu. Loo! Mke wangu huyu hapa, anatikisika, anacheka, mkubwa kama dirisha.

"We mwanaume, unaniona?"

"Nakuona!" Nilipiga kelele kana kwamba yuko ng'ambo ya mto. Wenzangu wakaacha kazi wakaja. Mzee wa Runzewe naye akasogea. Jamani, nisiseme uongo, siku ile nilijiona mtu wa ulaya. Kichuguu kimekwisha, makondakta wamekwisha, mke wangu yuko Ushetu na yuko kiganjani.

"Ngoja nikuonyeshe mwanao, anaoga."

Simu ikageuka. Nikaona beseni la bluu, nikaona miguu ya mtu mzima imenyooshwa, na juu ya miguu hiyo kitu kidogo chekundu kinapiga mateke. Mwanangu. Kisha mtoto akarusha maji, mke wangu akacheka, mkono ukamtikisika, simu ikapanda juu.

Na ikaganda.

Mtandao wa siku za kwanza, mnaujua. Picha ilikwama kwa mama mkwe wangu. Kichwa wazi, mvi zimelowa. Kifua wazi, khanga iko kiunoni tu, kama mama yeyote anayeogesha mtoto uani kwake mwenyewe. Na anacheka. Kafumba macho, kafungua mdomo wote, meno mawili ya mbele hana. Ni mwanamke niliyedhani ni mkali. Sikuwahi kumsikia hata siku moja akicheka.

Picha ilikwama lakini sauti iliendelea. Nikamsikia mke wangu, "Umemwona? Paji la uso la kwako lile." Nikasikia sauti ile ya jikoni ninayoijua, "Unaongea na nani?" "Na baba yake, mama." "Yuko wapi?" "Si humu kwenye simu." Halafu beseni likapinduka, mtoto akalia, na mama akapiga ukelele, "Mayu wane!", mama yangu wee, kwa sauti ambayo sijaisikia tena mahali popote. Na muda wote huo, kwenye kioo, yeye bado anacheka.

Pale nilitakiwa kugeuza simu. Njiani ningekuwa nimeshaingia shambani zamani. Sikugeuza. Nilitazama, na sijui nilitazama kwa muda gani.

"Huyu mama ni nani?" mzee wa Runzewe akauliza.

"Mama mkwe."

Yule mzee akavua kofia yake, akaifunika simu hapo hapo mkononi mwangu. Mpaka sauti ilipokatika ndipo alipoichukua kofia yake, akaenda zake, na karasha alimtuma mtu mwingine kulifuata.

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikaona niombe radhi haraka, na kwa kuwa tulikuwa tumeshaingia dunia mpya, nikaomba radhi kisasa. Nikajifungia chumbani, nikarekodi sauti nikamtumia mke wangu. Nilianza vizuri, na shikamoo, na poleni na kazi. Kisha nikasema kwa ufasaha kabisa, "Mama, nisamehe sana mwanao, sikukusudia kukuona kifua wazi." Mungu wangu. Mke wangu aliifungulia uani, sauti juu, mbele ya akina mama wa jumuiya ya kanisani waliokuja kumwona mtoto. Aliniambia baadaye kwamba mmoja aliachia kikombe cha uji. Waliokuwa hawajui kitu wakajua, tena kutoka kinywani mwangu.

Jibu lilikuja kupitia kwa baba mkwe, fupi. Mbuzi. Na mpaka mbuzi afike, nisikanyage pale.

Mbuzi alifika amefungwa nyuma ya bodaboda, mimi nimekaa katikati yake na dereva, vumbi limetujaa, analia njia nzima masikioni mwangu. Nilistahili. Baba mkwe akampokea, mbuzi akachinjwa, tukala. Nikajua yamekwisha. Kilichobaki ni kukabidhiwa mwanangu. Kwao bibi aliyemwogesha mtoto ndiye anayemtoa. Anatandika ngozi kizingitini, anamlaza mtoto juu yake, anarudi ndani, ndipo baba anakuja kumwokota. Bibi asipomlaza, mtoto haondoki, hata mama yake awe ameshafunga mizigo.

Ngozi ilitandikwa asubuhi. Jua likapanda. Mke wangu mizigo kaifunga, kaikalia. Ngozi tupu.

Nikasogea ukutani. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba." Sauti ilikuwa chini mno.

"Mama, kama mbuzi hakutosha, sema."

"Mbuzi nimempokea. Ametosha." Nikamsikia anavuta pumzi. "Ila mimi mwenyewe, baba, nitatoka lini humo?"

Sikumwelewa. Ikabidi mke wangu anieleze, macho chini. Mama yake anaamini bado yumo ndani ya simu yangu. Vile vile alivyo, kifua wazi, anacheka. Kwamba natembea naye Kahama nzima, nalala naye mfukoni, naweza kumtoa nikitaka. Tangu siku ile hajaenda jumuiya wala kisimani mchana. Jumapili anasali ndani. Na mtoto hamtoi, kwa sababu akishamtoa tutaondoka, na tukiondoka naye anaondoka nasi.

Hasira zikanipanda, hasira za mtu mwenye aibu, ambazo ndizo mbaya kuliko zote. "Mwambie mama yako mtandao ulikwama tu! Haikuhifadhi kitu! Hamna picha humu!" Nilisema kwa sauti kubwa, ukuta wenyewe ni wa matofali ya udongo. Nyuma ya ukuta nikamsikia mwanangu anakoroma kidogo, yuko pale pale mapajani mwa bibi yake. Nikajiona mjinga. Ningemthibitishiaje? Nimwambie aje tuangalie pamoja?

Nikatoa simu mfukoni. Nikaizima, nikaiweka kizingitini katikati ya ngozi, nikarudi nyuma mpaka kwenye mwembe wa uani, nikawapa mgongo.

"Baba wa mtoto, namba za wateja je?" mke wangu akanong'ona.

"Zitajijua."

Nikasikia mlango. Nikasikia visigino. Nilipogeuka, simu haipo, na juu ya ngozi mwanangu kalala, kavishwa kofia ya sufu, ananiangalia. Nilimwokota. Mama alikuwa ameshaenda nyuma ya nyumba. Tulirudi Kahama mimi na mke wangu na mtoto, na kwenye basi zima nadhani mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sina simu.

Jumapili iliyofuata alionekana kanisani. Baba mkwe ndiye aliyetuma salamu hizo.

Simu ile aliiweka ndani ya kihenge, chini ya mahindi, na ikakaa huko muda mrefu. Baadaye, shemeji yangu mdogo alimfundisha kuitumia, na sasa ukimnyima bando anakununia. Anapiga kila jioni, na anapiga ya video, kwa sababu anataka kumwona mjukuu wake. Ila mwenyewe simu anailaza chali, anakaa pembeni yake, na kamera inaangalia juu. Kwa hiyo sisi tunaona mabati. Mabati ya jikoni kwake nayajua yote, na msumari uliopinda naujua. Nikiipokea mimi kwa bahati mbaya, nayaamkia mabati, "Shikamoo mama," na mabati yananiitikia, "Marahaba baba, mmeshindaje?"

Miezi michache iliyopita yakaniuliza, bila utangulizi, "Baba, siku ile. Ilikuwa inaonekana nini?"

"Hakikuonekana kitu, mama. Kiza tu, mtandao ulikuwa mbaya."

"Mungu akubariki," akasema, nikasikia kabisa kwamba ametua mzigo.

Hakukuwa na kiza. Sikusahau hata unywele mmoja. Simu nilimwachia, lakini yeye bado natembea naye, vile vile alivyoogopa. Na ningekuwa nimeshasahau, nadhani, kama si binti yangu. Mwaka huu meno yake ya mbele yameng'oka, mawili, ya juu. Akicheka anafumba macho, anafungua mdomo wote. Mama yake hacheki hivyo, mimi sicheki hivyo. Namjua mtu mmoja tu anayecheka hivyo, na sikutakiwa kumjua.

Juzi nilikuwa namsimulia habari za mbuzi aliyelia masikioni mwangu njia nzima, akaangua kicheko. Kisha akaacha ghafla.

"Baba, mbona nikicheka unaangalia pembeni?"

Nikamwambia cheche za kuchomelea ziliniumiza macho.