Mpira Kati ya Baiskeli Mbili

Ng'ombe alipita katikati yetu. Mjomba alikuwa mbele na baiskeli yake, mimi nyuma na yangu, na kati yetu kulikuwa na ule mpira mweusi wa tyubu ambao watu wa kwetu hufungia magunia kwenye keria. Urefu wake kama hatua tatu za mtu mzima. Mjomba aliufunga kwenye keria yake na kwenye shingo ya usukani wangu, ili anivute. Ng'ombe hajui mambo ya kuvutana. Aliona nafasi barabarani akaingia, mpira ukamkaa kifuani, akaendelea na safari zake.

Mpira ukavutika. Nikamsikia mjomba anapiga kelele, "Shika breki!" Breki gani? Breki yangu aliing'oa yeye mwenyewe wiki ile, akasema ataniletea nzuri zaidi. Baiskeli yangu ikageuka kumfuata ng'ombe, ya mjomba nayo ikageuka kumfuata ng'ombe, tukawa wote wawili mali ya yule ng'ombe. Halafu nikaanguka mtaroni, tumbo mbele.

Tumbo ndilo nililokatazwa kugongwa. Lakini nikiwa nimelala pale, mdomo umejaa vumbi, sikuwaza tumbo. Niliwaza: kumbe nimefungwa.

Ngoja nirudi nyuma.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mpanda bado tuko mkoa wa Rukwa, nami ni msichana wa miaka minane. Nilizaliwa na ugonjwa wa damu ambao hospitali waliuita sikoseli. Nyumbani waliuita ugonjwa wa mifupa, maana ukinikamata ni mifupa inayolia, na mimi nalia nayo. Juu ya hapo nilikuwa na bandama kubwa, tumbo limesimama kama nimemeza chungu. Nilimeza vidonge vya njano kila siku. Shule niliishia darasa la nne kwa sababu ya kulala ndani, kwa hiyo naandika kama ninavyoongea. Atakayeona makosa ayarekebishe mwenyewe, ana nafasi.

Watu wa kwetu walinihurumia sana, na hilo sijawasamehe. Majina siandiki, lakini wenyewe wanajijua. Wa kwanza ni baba, aliyenikataza kukimbia, kuruka kamba, kucheka sana, na siku moja kupiga chafya kwa nguvu. Wa pili ni shangazi, dada yake baba. Huyu alisema mbele yangu, huku anachambua mchele, "Huyu hafiki miaka kumi, mwacheni apumzike." Sasa nimevuka arobaini. Shangazi, unaniona?

Msimu wa kuvuna mpunga, watoto wa mtaani kwetu Kawajense walikwenda Mwamkulu mashambani kwa baiskeli za kuazima. Baiskeli za watu wazima, mtoto anapitisha mguu chini ya bomba la katikati, mwili umepinda upande, na anakwenda. Mimi nilipelekwa hukohuko kwa bibi mzaa mama juu ya keria ya baba, nimefungwa mpira kiunoni, pembeni yangu debe la unga. Wenzangu wakitupita walikuwa wanapiga kelele, "Gunia limeamka! Gunia linatuangalia!"

Nilitaka kitu kimoja tu duniani: nifike Mwamkulu nikizungusha pedeli mwenyewe.

Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa fundi baiskeli palepale Kawajense. Yeye peke yake alikuwa ananitania badala ya kunihurumia, ndiyo maana nilimwendea.

"Mjomba, nitengenezee baiskeli."

"Wewe? Miguu yenyewe kama spoku."

"Basi spoku mbili umeshapata za bure. Tafuta zilizobaki."

Alicheka mpaka spana ikamtoka mkononi. Baada ya wiki kadhaa akaja na baiskeli ndogo ya kike isiyokuwa na bomba la katikati, rangi imeisha, siti ameishusha mpaka chini. Kwenye pedeli alifunga vipande vya mbao ili miguu yangu ifike. Alivifunga kwa mpira. Bibi naye, alipokuja kututembelea, alishona mto wa sufi, mnene kama kuku wa sikukuu, ukafungwa kwenye usukani ili nikianguka tumbo likutane na sufi na siyo chuma. Ulifungwa kwa mpira. Mjomba hakuamini msumari wala nati. Aliamini mpira.

Bibi alinitania, "Mke mwenzangu, na mto umebeba? Unakwenda safari au unakwenda kulala?"

Tulianza kujifunza baba akiwa Katumba kwenye kazi za tumbaku. Tulitoka saa tatu asubuhi, baridi imeshaondoka na jua halijawa kali, mimi nimevaa sweta. Mjomba alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, kunywa maji kila tunaposimama, kiu iwepo isiwepo. Alining'iniza kidumu cha lita tatu kwenye usukani wake. Ya pili, kupumzika kabla sijachoka, maana nikishasema nimechoka tumeshachelewa. Ila alijua nikiambiwa pumzika naona aibu. Kwa hiyo ghafla anasimama, "Aa, cheni yangu imetoka."

"Mjomba, cheni yako mbona inatoka kwenye kivuli tu?"

"Inaogopa jua. Kunywa maji wakati naitengeneza."

Siku ya safari yenyewe mama aliniruhusu kwa sharti kwamba mjomba asiniache hata hatua moja. Hapo ndipo wazo la mpira lilipozaliwa. Mimi nilikataa kufungwa. Tukapatana hivi: anivute nikichoka, lakini ule mwinuko wa baada ya kalavati niupande peke yangu. Mwinuko ule ndio uliokuwa unawashusha watoto wote kwenye baiskeli. Ukiupanda bila kushuka, hakuna tena wa kukuita gunia.

Tulipofika kwenye kalavati tukasimama, nikanywa maji. Mjomba akainama nyuma ya keria yake, akainuka. "Haya, nimefungua. Nimeuchomeka mpira chini ya mto wako. Umebaki wewe na Mungu."

Sikuweza kuhakikisha. Mto wa bibi ulikuwa mnene na mimi mfupi. Nikikaa kwenye siti naona mgongo wa mjomba na mawingu. Nikakanyaga. Katikati ya mwinuko mapaja yakawaka moto, pumzi ikaanza kukatika, nikahesabu vifungo vya sweta langu nisifikirie miguu. Vifungo vilikuwa vinne na kimoja cha rangi nyingine. Mjomba mbele hakugeuka hata mara moja. Nikafika juu. Nikafika juu sijashuka!

Tukasimama tena, nikanywa maji, meno yananigonga kwenye kidumu kwa furaha. Mjomba akainama tena nyuma ya keria yake. Sikumwuliza anafanya nini, nilikuwa na shughuli ya kuwa mtu mkubwa. Tukaondoka, na mbele kidogo tukakutana na kundi la ng'ombe la Wasukuma waliohamia upande ule, na yaliyofuata nimeshayasema.

Mchunga ng'ombe alikuja mbio, akatuangalia, akashika kiuno. "Nyie! Huyu mtoto mmemfunga kama ndama?"

"Siyo ndama, ni mpwa wangu," mjomba akasema.

"Mpwa wako mfungue basi, ng'ombe wangu anataka kwenda."

Mjomba akahangaika na lile fundo. Alikuwa amefunga fundo la gunia, lile ambalo likivutwa linazidi kukaza. Alitumia vidole, akatumia meno, mwisho mchungaji akalikata kwa kisu. Ng'ombe akaondoka bila kuaga. Mimi tumbo halikuumia, sufi ilifanya kazi yake. Nikapanda baiskeli, nikamalizia njia iliyobaki nikilia.

Bibi alitupokea mlangoni. "Mke mwenzangu, vumbi lote hili umelibeba, barabarani wamebaki na nini?"

Nikamwambia nimepanda mwinuko peke yangu. Bibi akautazama mpira uliokatwa, akamtazama mjomba, akaingia jikoni bila kunitania. Kule kutotaniwa kuliniuma kuliko mtaro.

Baada ya wiki chache mvua ilininyeshea, mifupa ikaanza kulia, nikalazwa. Mvua haikulaumiwa. Baiskeli ndiyo iliyolaumiwa. Nilipotoka hospitali sikuikuta. Shangazi alishaigawa kwa watu wa Katumba, ikaenda kubeba mihogo na mto wangu juu yake. Baba alijua, akaiacha iende. Sijaendesha tena baiskeli. Kwa hiyo nina mwinuko mmoja tu maishani, na hata huo sijui kama ni wangu.

Shangazi na baba nimeshawataja, wakae na lao. Nabaki na wewe, mjomba. Sasa umezeeka, meno yaliyoshindwa na fundo lile yamekutoka, na kila nikikuuliza unacheka unasema, "Si ulifika, mama?" Na maelezo yako hayafanani. Mama ulimwambia ulinifunga tena kule juu kwa sababu nilichoka. Mimi uliniambia ni kwa sababu uliona ng'ombe wanakuja. Mjomba, mtu gani akiona ng'ombe wanakuja ndipo anamfunga mtoto? Na fundo la gunia, ambalo lilikushinda kwa vidole na meno, pale kwenye kalavati ulilifungua saa ngapi, wakati nilikunywa mafunda matatu tu?

Nimebishana na kaburi nililotabiriwa na shangazi kwa miaka zaidi ya thelathini nikijiambia kwamba miguu ile ilipanda mwinuko ule. Usinitanie tena, wala usiniambie cheni imetoka. Mbele ya watu wote watakaosoma hapa nijibu neno moja: pale kwenye mwinuko, nilikuwa nimefungwa au sikuwa nimefungwa?