Nilimlaza Bibi Kitandani Akiwa Mzima

Kosa ni langu. Nalitaja mwanzo kabisa ili asitokee msomaji wa kumlaumu mwalimu wangu, au chuo, au bahari. Bahari haikuniita. Nilikwenda kwa miguu yangu.

Jina langu silitaji hapa. Si kwa kujiogopea tu, ingawa hofu ipo. Jina langu likijulikana, la Bibi nalo litajulikana, na yeye ndiye niliyemkosea.

Mie ni mtu wa Kinondoni, kule kwenye minazi. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyenilea baada ya wazazi kufa. Elimu yangu si nyingi: darasa la nane, kisha miezi kumi ya chuo cha makarani mjini. Lakini tangu shule nina tabia ya kuandika daftari la kila siku, na haya nayatoa humo. Pale ambapo daftari na kumbukumbu yangu havipatani, nitasema.

Sasa huo mchezo wenyewe. Sie vijana wa upande huu tulikuwa tukipanda mawimbi kwa ubao. Wangu ulikuwa kipande cha ubavu wa mashua iliyovunjika, urefu wa kunifika kidevuni, nimeupiga randa mwenyewe na kuupaka mafuta ya papa. Unaingia nao hadi maji ya kifua, unangoja. Wimbi likivuka mwamba unaulalia na kupiga mikono. Likikushika, huna kazi tena, linakuchukua. Baadaye nilijifunza kusimama juu yake. Si muda mrefu, labda mtu aweza kuhesabu mpaka kumi. Lakini ndani ya hiyo kumi sikuwa yatima, sikuwa mwanafunzi, sikuwa tegemeo la mtu yeyote.

Wengine mtasema ni utoto. Huenda mnasema kweli. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Shida ni kwamba wimbi la kupandika halivuki mwamba ila maji yakijaa sana, siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Na kwetu siku hizo maji hujaa alasiri. Chuo nacho kilikuwa na darasa la alasiri, la kupiga taipu. Kengele ya chuo ililia saa ile ile kila siku. Maji yalikuwa na saa yao.

Nijipe haki yangu ndogo: mwanzo nilijaribu kwenda siku ambazo hakuna masomo tu. Miezi miwili nilijizuia. Nilikaa mbele ya ile mashine nikipiga herufi zile zile, na dirishani naona matawi ya minazi yanavyoinama kwa upepo wa kusi, najua kabisa huko mwambani kuna nini. Nikahisi nimefungiwa. Siku moja nikamwambia mwalimu, "Bibi yangu hajiwezi, naomba ruhusa ya alasiri."

Akanipa pale pale, tena akanipa pole.

Basi ikawa ndiyo njia. Kila bamvua, Bibi anaumwa. Siku tatu, siku nne, anapata nafuu. Wiki mbili baadaye anaumwa tena. Na Bibi mwenyewe wakati huo yuko barazani anasuka ukili, mzima kama jiwe la kusagia, hajui kuwa huko mjini ni mgonjwa.

Kosa langu la kipumbavu ni kusahau kwamba mwalimu wetu ni mtu wa Kilwa, amekulia ufukweni. Mwezi wa nne wa uongo wangu alifungua kitabu cha mahudhurio mbele ya darasa, akapitisha kidole kwenye mstari wangu.

"Bwana mdogo," akasema, "huyu bibi yako ugonjwa wake unafuata mwezi?"

Darasa likacheka. Nikasema wazee wengine mifupa huwauma mwezi ukiwa mpevu.

"Na ukiandama?"

"Na ukiandama pia, mwalimu."

Akafunga kitabu. "Basi kesho tutakwenda kumjulia hali. Mgonjwa wa miezi minne hatujamwona, sisi ni watu wa namna gani?"

Mpaka leo sijui kama alinitega au alisikitika kweli. Uso wake haukuonyesha, nami sitaki kumsingizia.

Jioni ile nilikuwa na nafasi ya kumweleza Bibi. Tulikula pamoja, akanitania kama kawaida yake. Bibi hakuniita kwa jina, aliniita mume wangu, kama mabibi wanavyowaita wajukuu. "Mume wangu, leo mbona unakula kama umeozwa kwa nguvu?" Nikacheka. Nilijiambia labda mvua itanyesha, hawatakuja.

Haikunyesha. Wakaja, mwalimu na wanafunzi watatu, na sukari na machungwa katika kikapu, nami nyuma yao kama mfungwa. Bibi alikuwa barazani, miguu kainyosha, ukili mkononi.

"Shikamoo Bibi. Tumekuja kukujulia hali. Tumeambiwa hujiwezi."

Bibi akatazama kikapu. Akawatazama wao. Kisha akanitazama mie, nywele zangu bado zina chumvi. Nadhani alisoma yote hapo hapo.

"Marahaba, wanangu," akasema, na sauti yake ikashuka. "Leo nimepata nafuu kidogo, nikasema nitoke nipate upepo. Hebu mume wangu nishike mkono, baridi inaniingia."

Nikamshika. Akaniegemea kwa uzito ambao hakuwa nao. Tukaingia ndani, akalala, akakohoa vizuri sana.

Walipoondoka akaketi kitandani. "Nimeanza kuumwa lini?"

"Mwezi wa nne huu, Bibi."

"Naumwa nini? Niambie nisije nikataja mengine."

"Kifua. Na miguu."

"Vyote viwili? Si ungenipunguzia kimoja."

Akacheka, nami nikacheka. Msidhani ni bibi wa kupenda uongo. Sikupata kumsikia akisema uongo kabla ya siku ile. Aliusema mara moja kwa ajili yangu, akidhani utakwisha siku ile ile.

Haukwisha. Mwalimu, kwa wema wake, alimwendea Bwana Mkubwa wa chuo, Mzungu, akaniombea karatasi ya ruhusa yenye sahihi: alasiri zote nimuuguze Bibi mpaka mtihani. Zilibaki wiki tatu. Na mke wa mwalimu, aliyekuwa akikaa huku huku Kinondoni, akaanza kumletea Bibi uji kila baada ya siku moja. Karatasi ya namna ile ikigunduliwa ni ya uongo, hakuna mtihani. Ni kufukuzwa, na labda mwalimu naye kuulizwa.

Nikamweleza Bibi. Akafikiri, akasema, "Wiki tatu si nyingi. Nitalala. Lakini ubao utauacha."

"Nitauacha, Bibi."

Basi akalala. Majirani wakasikia, wakaanza kuja mmoja mmoja, kila mtu na dawa yake. Bibi aliyezoea kwenda kisimani, kwenye ngoma, kwenye misiba, akawa hawezi hata kukaa barazani. "Nimerudi kuwa mwali," akaniambia. "Nimewekwa ndani nikiwa na mvi." Alikuwa akisuka kwa kujificha, na mtu akibisha hodi anausukuma ukili chini ya kitanda.

Daftari langu linasema siku nane za mwanzo nilikaa naye nikajifunza masomo yangu. Mie nakumbuka tano. Baada ya hapo, mwezi ulikuwa unakaribia kuwa mpevu, nina karatasi ya ruhusa mfukoni, na hakuna aliyenihitaji popote. Nikarudi majini. Bibi alijua, maana chumvi haifichiki. Hakuuliza.

Sasa nafika pale ninapoogopa.

Bibi alikuwa na mwenzake, nitamwita Bi Mwanaidi. Walichezwa ngoma pamoja wakiwa wasichana, wakawekwa ndani pamoja, wakatolewa siku moja. Tangu siku hiyo waliahidiana: atakayetangulia kufa, mwenzake ndiye atamwosha. Si ahadi ya maneno tu. Bibi ndiye mwosha wa mtaa wetu, wanawake wengi huku wamepita mikononi mwake, na kila mara akirudi kutoka kuosha alikuwa akisema, "Bado Mwanaidi, au bado mie."

Asubuhi moja, siku nne kabla ya mtihani, akaja binti yake Bi Mwanaidi, macho yamevimba. Mama yake amefariki alfajiri.

"Alisema aoshwe na wewe tu, Bibi," akasema. "Lakini tunaona hali yako. Tumemwomba mwingine. Usijilaumu."

Akaondoka. Bibi akashusha miguu chini, akachukua kanga.

Mie nilikuwa mlangoni. Nikasema, "Bibi, mke wa mwalimu yuko msibani."

"Najua."

"Akikuona umesimama..."

"Nitasema nimejikongoja."

"Mtu aliyelala wiki mbili haoshi maiti, Bibi. Watajua. Ukitoka leo, mie nimekwisha."

Akasimama na kanga yake mkononi. Mlango wetu ni mwembamba na mie nilikuwa nimeujaza. Sikumzuia kwa mikono, lakini sikumpisha.

Akasema polepole, bila hasira, "Basi niamulie wewe, mume wangu. Niende au nilale?"

Wasomaji, ningeweza kukaa kimya. Kimya kingemtosha, angepita. Nikasema, "Lala, Bibi."

Akalala. Akageukia ukutani.

Nilikwenda mazikoni. Nilibeba jeneza kwa zamu yangu, nikatia udongo mara tatu, nikaitikia dua. Tulipotawanyika ilikuwa alasiri, na kutoka makaburini upepo ukileta vumo la mwamba. Sikupanga. Lakini kutopanga si udhuru, maana miguu ilijua njia na ubao ulikuwa umefichwa vichakani pale pale kwa siku zote. Nilikwenda.

Tena niseme ukweli hata huu: ndilo wimbi zuri kuliko yote niliyowahi kupanda. Lilinibeba kutoka mwambani hadi mchangani nimesimama. Nilitamani liwe baya. Halikuwa.

Niliporudi, Bibi alikuwa bado ameelekea ukutani. Akaniita kwa jina langu. Mara ya kwanza niliona labda hakukusudia.

"Nani alimwosha?" akauliza.

Sikujua. Sikuuliza mtu.

Nilifaulu mtihani. Mwalimu alinipa mkono, akasema, "Na kumuuguza mzee kote kule!" Sasa nina kazi ya karani, nina kiti na meza, nina dirisha linalotazama maji. Ubao niliuchoma. Nikaazima wa mtu mara mbili tangu hapo. Nisiwadanganye kwamba nimeacha kabisa. Sikupata raha, lakini nilikwenda.

Bibi alipona siku ile ile mtihani ulipokwisha. Akatoka nje, majirani wakashukuru Mungu. Wiki ile ile walikuja kumwita akaoshe marehemu mmoja. Akasema hapana. Wakaja mara nyingine. Akasema, "Mikono iliyokosa kumwosha Mwanaidi haioshi mtu mwingine." Wao wakadhani ni huzuni. Tangu hapo hajaosha mtu.

Na yule binti huja bado. Huleta ndizi, huleta samaki, hukaa na Bibi barazani na kumwambia kila mara, "Hukuweza, Bibi. Mama anajua hukuweza." Bibi huitikia, "Ndiyo, mwanangu." Nami niko pale pale, nakunywa chai yangu. Hawezi kumkatalia bila kunitaja, na hajanitaja. Amefungiwa ndani ya ule ugonjwa mpaka leo, na mimi ndiye mwenye ufunguo.

"Mume wangu" hajaniita tena. Huniita kwa jina, kwa upole.

Enyi vijana wenzangu mlio na chuo, na wazee nyumbani, na kitu mnachokipenda kuliko vyote hivyo: sisemi mkiache. Sina uso wa kusema hivyo. Nasema mwende mkiwa na jina lenu wenyewe. Mwambie mwalimu, "Nataka kwenda baharini," akukatalie, akuchape, akufukuze ikibidi. Usimtie maradhi mtu mzima kwa mdomo wako. Maradhi ya namna hiyo hayana mganga, na anayelala si wewe.

Bibi hajui kusoma. Gazeti mie ndiye ninayemsomea, siku ya mapumziko, barazani, kuanzia juu hadi chini. Nikiruka mahali hutambua, husema, "Umeruka. Rudi." Na mara nyingi yule binti huwa amekaa hapo anasikiliza.

Gazeti lenye maneno haya likitoka nitalileta nyumbani kama kawaida. Sijui kama sauti itanitoka. Nimejizoeza sentensi ya kwanza tu, ile fupi.